Fisi maji wa Bixby, "marehemu" aliyeonekana kwa darubini

Machi 19, 1938, Howard Granville Sharpe alikuwa akijaribu darubini nyumbani kwake Big Sur, California, pale Kijito cha Bixby kinapomwagika katika Bahari ya Pasifiki. Chini ya majabali, katikati ya mwani, akaona vichwa vinaelea. Walikuwa fisi maji wa baharini, mnyama ambaye vitabu vilishamzika katika pwani ile. Alipotoa taarifa, wataalamu hawakumwamini. Ilimbidi abishane nao mpaka wakaja kutazama wenyewe.

Kilichowaponza fisi maji ni manyoya. Fisi maji wa baharini hana shahamu ya kumkinga na baridi kama nyangumi. Badala yake, sentimita moja tu ya mraba ya ngozi yake inaweza kubeba nywele zaidi ya 100,000. Mabaharia wa nahodha Vitus Bering walionusurika safari ya 1741 walirudi Urusi na ngozi hizo, soko likafunguka hadi China, na wenyeji wa visiwa vya Aleut wakalazimishwa kuwinda. Mkataba wa kuwalinda fisi maji uliposainiwa mwaka 1911, katika Pasifiki nzima walibaki wachache mno.

Sharpe ndiye anayetajwa kuwa mgunduzi. Lakini inasimuliwa pia kwamba maofisa wachache wa wanyamapori walilijua kundi hilo miaka mingi kabla, wakafunga mdomo wawindaji wasije wakasikia. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba Speke "aligundua" Ziwa Nyanza mwaka 1858 tunaujua ugunduzi wa namna hii. Kilichobadilika Bixby ni barabara. Daraja lilikamilika mwaka 1932, barabara ya pwani ikafunguliwa 1937, na siri ikawa haifichiki tena.

Ugomvi ulikuja fisi maji walipoongezeka. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wakienea kusini, kwenye miamba ambako wapiga mbizi walivuna abaloni, konokono mkubwa wa baharini mwenye bei nzuri. Fisi maji mmoja hula kwa siku karibu robo ya uzito wake, akilala chali na kulivunja kombe kwa jiwe lililo kifuani. Wavuvi wakataka wapunguzwe. Mwaka 1968 Margaret Owings, mkazi wa Big Sur, akaanzisha chama cha kuwatetea.

Wavuvi hawakuwa waongo: abaloni walikuwa wanaliwa kweli. Ila hawakupenda kukumbushwa kwamba abaloni walijazana vile kwa sababu mlaji wao alikuwa amechinjwa karne nzima. Kusini zaidi, ambako fisi maji hawakuwepo, abaloni waliisha vilevile, kwa kuvuliwa mno na kwa maradhi. Mwaka 1997 uvuvi wa abaloni wa kibiashara ukafungwa jimbo zima.

Baina ya 1987 na 1990 serikali ilijaribu kuanzisha kundi jingine kwa kuwahamishia fisi maji 140 katika Kisiwa cha San Nicolas, mbali na pwani ya California. Wengi hawakukaa, na baadhi waliogelea hadi bara walikotolewa. Sasa wako takriban 3,000 California, na papa weupe huwang'ata kisha wakawaacha bila kuwala. Pale Bixby magari hujipanga kutwa, watu wakilipiga picha daraja. Ni wachache wanaoinama kutazama mwani.