Taveta, mji uliopinda mpaka wa Kenya na Tanzania

Atazamaye ramani ya Kenya ataona kwamba mpaka wake na Tanzania umenyooka kama uzi kutoka Ziwa Victoria hadi unapokaribia Mlima Kilimanjaro. Hapo uzi hukatika. Mpaka huuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, huteremka kusini hadi Ziwa Jipe, kisha hushika tena njia yake kuelekea Bahari Hindi. Wengi wameamini kwamba kombo hilo lilitokana na zawadi, yaani Malkia Victoria wa Uingereza alimtunuku mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, mlima mzima. Ni kisa kitamu, lakini hakina mashiko. Wilhelm alitawazwa mwaka wa 1888, ilhali mpaka ulikuwa umekwisha kukubaliwa mwaka wa 1886. Sababu yenyewe inapatikana katika mji mdogo ulio chini ya mlima huo, nao ni Taveta.

Mji huu umo katika Kaunti ya Taita-Taveta, takriban kilomita 110 magharibi mwa Voi, ukitazamana na Holili iliyo upande wa Tanzania. Msafiri atokaye Voi hupita kwanza nyika kavu ya Tsavo, na ghafla hujikuta katikati ya migomba. Si mvua inayoistawisha migomba hiyo, kwani mvua hapa ni haba. Ni maji ya Kilimanjaro ambayo hupenya ardhini na kuibuka katika chemchemi kama zile za Njoro. Ndizi za Taveta huuzwa hadi Mombasa na Nairobi. Kaskazini mwa mji liko Ziwa Chala, lililojaa ndani ya kasoko ya volkeno na kulishwa hasa na maji ya chini ya ardhi. Kusini kuna Ziwa Jipe, linalopokea maji ya Mto Lumi. Mpaka unayapasua maziwa yote mawili.

Katika karne ya 19, Taveta haikuwa mji bali makazi yaliyofichika ndani ya msitu mnene kando ya Lumi. Wataveta, ambao lugha yao ina udugu na Kipare, walilima humo huku msitu ukiwakinga dhidi ya wavamizi. Misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilituliza mizigo hapo na kununua chakula kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Wazungu nao wakafuata njia hiyo hiyo. Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883, na Count Teleki akapiga kambi hapo mwaka wa 1887.

Aliyeacha alama kubwa zaidi ni Mwingereza Harry Johnston. Mwaka wa 1884 alifanya mapatano na wazee wa Taveta, na haki alizodai kuzipata zikaishia mikononi mwa wafanyabiashara wa Uingereza. Mwaka uliofuata, mjumbe wa Karl Peters, Jühlke, aliandikiana mkataba na Mangi Mandara wa Moshi. Basi mataifa hayo mawili yalipoketi kugawana nchi mwaka wa 1886, kila upande ulishikilia karatasi yake. Iliafikiwa kwamba mpaka uvuke Mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, kisha uzunguke mlima kwa kaskazini. Kilimanjaro kikawa cha Wajerumani, Taveta ikawa ya Waingereza. Wenyeji, ambao mashamba na maji yao ndiyo yaliyokuwa yakigawanywa, hawakuulizwa lolote.

Miaka 28 baadaye, mpaka huo ukawa uwanja wa vita. Tarehe 15 Agosti 1914, majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta na kuishikilia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waingereza walijenga reli kutoka Voi ili wapate njia ya kuwafurusha. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, mashariki mwa mji, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliukomboa mji, na vita vya Latema na Reata vya tarehe 11 na 12 Machi vikafungua njia ya kuelekea Moshi. Makaburi ya wanajeshi yangali yanatunzwa mjini. Wapagazi Waafrika waliokufa kwa maelfu katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao hawana hata jiwe lenye jina. Tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi hayo iliomba radhi kwa jambo hilo mwaka wa 2021.

Baada ya vita ulikuja mkonge. Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, alijitwalia mashamba makubwa hapa na kujenga jumba juu ya kilima cha Girigan ambalo lingali linaonekana kwa mbali. Mwaka wa 1948 ikaundwa mbuga ya Tsavo, ambayo sasa inameza takriban asilimia 62 ya kaunti. Mwananchi wa kawaida akabaki amebanwa baina ya wanyama, mashamba ya mkonge na mpaka. Ndiyo maana suala la maskwota halijapata kuondoka katika siasa za Taveta, uchaguzi baada ya uchaguzi.

Mpaka wenyewe uliwahi kufungwa kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania ilifunga njia hadi mwaka wa 1983, na jamaa waliozoea kutembeleana wakageuka wageni. Leo hali ni nyingine. Barabara ya lami imefika, na tangu mwaka wa 2016 maafisa wa nchi zote mbili hukagua abiria na shehena katika kituo cha pamoja cha Taveta na Holili.

Huko Jipe, hata hivyo, hakuna kituo cha pamoja. Udongo unaosombwa kutoka miteremkoni unazidi kulijaza ziwa ambalo tangu hapo halina kina, na matete yanasonga mbele kutoka kingo zote mbili. Wavuvi wa Kenya na wa Tanzania hupenya humo kwa mitumbwi wakimtafuta perege wa Jipe, samaki asiyepatikana popote duniani nje ya bonde la Mto Pangani.