Nauli ya Kisiwani

Anti yangu alikuwa na maili 112,000, na picha ya ufuo wa Waikiki kwenye mlango wa friji yake kule Minneapolis. Maili zenyewe si za barabara, ni zile ambazo mashirika ya ndege hukuwekea kwenye akaunti kila unaposafiri, ukizifikisha kiwango fulani unapewa kiti. Picha aliikata kwenye kalenda ya zamani. Mpango wake ulikuwa aende Hawaii wiki moja, alale hadi saa nne asubuhi, asipikie mtu, na asisome ujumbe wowote wa harambee kutoka nyumbani. Anti hufanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku. Maili hizo alizikusanya kwa miaka tisa.

Agosti 2023 nyanya yetu, Dani, akafariki Rusinga. Mimi ndiye niliyepiga simu nikiwa Migori, kwa sababu Mama hakuweza kuongea. Anti alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mazishi ni lini?" Kesho yake akatuma picha ya tiketi. Hakuwa ameinunua kwa pesa.

Sina digrii ya historia. Sina digrii yoyote, niliacha chuo mwaka wa tatu, na hilo nitalirudia. Lakini tiketi ile ilinifanya nijiulize swali ambalo kwa watu wa ziwani ni la zamani sana: nani hulipa nauli ya kuvuka bahari, na hulipwa nini?

Tuanze na Hawaii yenyewe, maana Anti hakuiota bure. Mtu wa kwetu aliyesafiri mbali hivyo kwenda kisiwani alikuwa Barack Obama, baba yake yule rais. Ukoo wake ni wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay ya leo. Mwaka wa 1959, mwaka uleule Hawaii ilipofanywa jimbo la Marekani, alienda kusoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa mwanafunzi wa kwanza Mwafrika pale. Watu wengi husema alipanda ile ndege ya Tom Mboya. Hapana. Hakuwa kwenye ndege hiyo. Nauli yake ilisaidiwa na wanawake wawili Wamarekani aliokutana nao Nairobi, mmoja wao Elizabeth Mooney, aliyekuwa kwenye kazi ya kufundisha watu wazima kusoma. Nyumbani aliacha mke mjamzito na mtoto. Kwa hiyo kuna waliotoa dola, na kuna waliolipa kwa kubaki. Hawa wa pili huwa hawaandikwi kwenye risiti.

Halafu kuna ndege yenyewe ya Mboya. Mwaka huohuo wa 1959 Mboya, mtoto wa Rusinga kwa ukoo ingawa alizaliwa upande wa Thika, alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo. Nafasi zilipatikana, shida ikawa nauli. Mwanafunzi ana barua ya kukubaliwa mkononi, na hana njia ya kufika. Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuchangisha pesa. Septemba, ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na katika kundi la mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa mpango huo.

Na huku nyumbani watu waliuza ng'ombe. Waliandaa karamu za chai, ukinywa kikombe unaacha shilingi. Ukiangalia vizuri, kila shilingi ilikuwa pointi ya mtu mwingine iliyowekwa kwenye akaunti ya kijana mmoja. Tofauti ni kwamba akaunti ile haikuwa na jina lake peke yake. Akirudi, kijiji kizima kilikuwa na haki ya kuuliza salio.

Maili za ndege zilikuja baadaye, na zilikuja kwa sababu ya biashara. Mwaka wa 1978 serikali ya Marekani iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia. Ushindani ukawa mkali, kila shirika likatafuta namna ya kumshika mteja asihame. Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, na United ikafuata siku chache tu baadaye. Hesabu ilikuwa rahisi: ukiruka mbali unapata nyingi. Huku kwetu, KLM iliponunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka wa 1996, abiria wa Nairobi nao wakaingia kwenye hesabu za Wazungu, na baadaye wakawa ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ulioanza 2005. Siku hizi Kenya Airways ina mpango wake, Asante.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu Migori tulijua pointi kupitia simu. Bonga ya Safaricom ilianza 2007: ongea, pata pointi, badilisha upate dakika au simu. Nakumbuka jirani yetu aliyeweka za miaka mingi akisubiri simu nzuri. Mwisho wa 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizopita miaka mitatu zitaanza kufutwa, na watu wakapiga kelele kweli. Ndipo wengi walipofikiria kwa mara ya kwanza kwamba pointi si pesa. Ni ahadi, na mwenye kalamu ni yule aliyeahidi.

Kwenye ndege ni vivyo hivyo. Kuanzia 2015 mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuhesabu pesa ulizotumia badala ya umbali ulioruka. Meneja anayelipiwa tiketi ya bei ghali na kampuni anavuna, na nesi anayewinda tiketi ya bei nafuu anapata kidogo kwa umbali uleule. Ndiyo maana Anti alichukua miaka tisa. Alikuwa akiokota: kadi ya benki kwa mboga, kadi kwa petroli, na safari za nyumbani. Kutoka Minneapolis kupitia Amsterdam hadi Nairobi ni zaidi ya maili 8,000, kwenda tu. Alikuja mara tatu katika miaka hiyo. Mara ya kwanza ilikuwa mazishi ya babu. Mara ya pili, mazishi ya mjomba. Mara ya tatu, harusi, angalau.

Yaani sehemu kubwa ya Hawaii yake ilikuwa imejengwa na matanga.

Mimi na Mama tulitoka Migori alfajiri, tukapita Awendo, Rongo, Homa Bay, hadi Mbita, halafu daraja la kuingia Rusinga. Anti alishuka Kisumu, akapitia Ahero, Katito na Kendu Bay. Alipofika bado alikuwa na ile mto ya shingoni ya ndege. Alimlilia mama yake hadi sauti ikakauka.

Siku ya pili baada ya mazishi aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la Mboya. Lile jengo limeundwa kama risasi, na Mboya mwenyewe alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Tulikaa nje kwenye kivuli. Nikamwambia zile habari za barua ya Belafonte na karamu za chai, nikijifanya mjuaji. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Na wewe chuo unamaliza lini?"

Anti ndiye aliyenilipia karo mihula mitano. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minane kabla, na sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nikimtumia ujumbe wa "mitihani iko sawa". Pale kwenye kaburi la mtu aliyewatafutia wengine nauli, sikuweza kudanganya tena. Nikamwambia niliacha, kwamba naandika, kwamba kuandika bado hakulipi.

Hakunipigia kelele. Aliangalia ziwa muda mrefu. Akasema, "Kuacha ni shauri lako. Lakini ungeniambia. Kuna shifti mbili za Krismasi nilizichukua juu yako."

Hakuna kitu cha kujibu hapo. Nikasema, "Pole, Anti." Akasema tutahesabiana polepole.

Jioni nikamuuliza maili zimebaki ngapi. Elfu nne na kitu. Na kodi na ada alilipa juu, kwa pesa taslimu za kadi, kwa maana maili hulipia kiti tu. Nikamwambia si mbaya, atapata zingine kwa safari hii. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Safari ya maili haizai maili," akasema. "Mama ndiye wa kwanza kunileta nyumbani bila kunipa pointi."

Mwezi uliopita nililipwa makala yangu ya tatu. Nikamtumia dola 40, za shifti ya kwanza ya Krismasi. Akajibu kwa picha ya mlango wa friji. Waikiki bado ipo. Pembeni ameongeza picha ya kaburi la Dani, na ziwa nyuma yake.