Kutoka Kifo hadi Uzazi: Historia ya Kipimo cha Sumu ya Udongo kwa Nyungunyungu, 1881–2013

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wanasayansi wa Ulaya na Marekani walivyojifunza kupima iwapo kemikali iliyomo udongoni inamdhuru nyungunyungu. Hoja inayotetewa ni kwamba historia ya kipimo hiki ni historia ya swali. Kila mara swali lilipopanuka, chanzo kilikuwa nje ya maabara: mtu aliona shambani au bustanini jambo ambalo kipimo kilichokuwapo hakikuliuliza. Makala yanahitimisha kwa kuonesha swali moja ambalo nchi za joto bado zinapaswa kulisukuma mbele, yaani kipimo hufanyika katika udongo wa nani.

1.0 Utangulizi

Dawa inayopuliziwa majanini haiishii majanini. Sehemu yake hudondoka, sehemu huoshwa na mvua, na sehemu nyingine hushuka pamoja na jani lenyewe linapopukutika. Miongoni mwa viumbe wa mwanzo kuipokea huko chini ni nyungunyungu. Kiumbe huyu hana gamba wala mapafu. Hupumua kwa ngozi yenye unyevu na hula udongo pamoja na mabaki ya mimea. Kwa hiyo kemikali humwingia kwa njia mbili, ngozini na mdomoni. Sifa hizo mbili ndizo zilizomfanya awe shahidi anayeitwa kila mara afya ya udongo inapojadiliwa.

Hata hivyo, shahidi hujibu lile tu aliloulizwa. Swali la kwanza kuulizwa lilikuwa rahisi: je, amekufa? Ilichukua miongo kadhaa kutambua kwamba nyungunyungu aliye hai anaweza kuwa amekwisha kudhuriwa, na kwamba anaweza pia kuwadhuru wengine.

2.0 Kabla ya Kipimo: Rafiki wa Shamba, Adui wa Bustani

Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu chake cha mwisho, kilichohusu kazi ya nyungunyungu katika kuumba tabaka la juu la udongo. Alikuwa amewaweka katika vyungu nyumbani kwake huko Kent, Uingereza, na kuchunguza walivyovuta majani kuyaingiza katika mashimo yao. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa kila ekari hupita katika miili yao kila mwaka na kuletwa juu. Tangu hapo haikuwa rahisi kumwita nyungunyungu kiumbe asiye na maana.

Lakini heshima hiyo haikufika kila mahali. Watunzaji wa viwanja vya gofu na nyasi za bustani walichukizwa na vifusi vidogo vya udongo ambavyo nyungunyungu huacha juu ya nyasi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walitumia arsenati ya risasi, na pia unga wa mbegu za mti wa mowrah kutoka India, kuwaua. Yafaa kulizingatia jambo hili, kwa kuwa miongoni mwa watu waliouliza mapema iwapo kemikali inaua nyungunyungu walikuwamo waliotumaini kwamba jibu lingekuwa ndiyo. Kwao, kuhesabu maiti kulitosha. Kipimo kilipokuja kutumiwa kwa lengo la kuwalinda, kilirithi desturi ileile ya kuhesabu.

3.0 Nyungunyungu Asiyekufa: DDT na Ndege wa Illinois

Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji mingi ya Marekani iliinyunyizia miti ya elmu dawa hiyo ili kuwaua mbawakawa wanaosambaza ugonjwa wa kuvu ulioiangamiza miti hiyo. Muda si mrefu watu wakaanza kuokota mizoga ya robini, ndege anayependa nyungunyungu. Katika chuo kikuu cha jimbo la Michigan, George Wallace aliona ndege hao wakitetemeka na kufa chuoni mwake.

Maelezo ya mfuatano wa tukio yalitolewa na Roy Barker mwaka 1958, kutokana na uchunguzi wake huko Illinois. Dawa ilinyunyiziwa mitini, ikang'ang'ania majani. Majani yalipopukutika, nyungunyungu waliyala, na DDT ikajilimbikiza miilini mwao. Majira ya kuchipua yalipofika, robini wakawala nyungunyungu hao. Rachel Carson aliufikisha mfuatano huo kwa umma katika kitabu chake cha mwaka 1962.

Kwa historia ya kipimo, jambo zito hapa ni kwamba nyungunyungu wengi walinusurika. Laiti wangekufa kwa wingi wakati dawa iliponyunyiziwa, robini wasingekuta karamu yenye sumu. Ustahimilivu wa nyungunyungu ndio uliomwangamiza ndege. Kipimo cha kuhesabu maiti kingeweza kuipa DDT alama nzuri kwa upande wa nyungunyungu, na alama hiyo ingekuwa sahihi kabisa, huku ukweli uliotakiwa ukiwa umeachwa nje.

4.0 Majani Yaliyogoma Kuondoka: Bustani za Mitufaha

Ushahidi wa pili ulitoka Uingereza. Katika bustani za mitufaha, nyungunyungu wakubwa wa spishi ya Lumbricus terrestris huvuta majani yaliyopukutika na kuyazika. Kazi hiyo ina faida isiyoonekana kwa haraka. Kuvu anayesababisha ugonjwa wa mabaka ya matufaha hujificha katika majani hayo wakati wa baridi, kisha hutoa vijimbegu vyake majira ya kuchipua. Jani lililozikwa na kuliwa haliambukizi mti. Watafiti walikuwa wamekwisha kuona kwamba bustani zilizopuliziwa viuakuvu vya shaba kwa miaka mingi zilikuwa na nyungunyungu wachache mno, na ardhi yake ilifunikwa na mkeka wa majani yasiyooza.

Kiuakuvu kipya cha benomili kilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960, kilisifiwa kwa kuwa kilipenya ndani ya mmea na kuhitaji kiasi kidogo. Miaka ya 1970 A. Stringer na wenzake wa kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol, walionesha kwamba katika bustani zilizopuliziwa dawa hiyo idadi ya nyungunyungu iliporomoka na majani yakabaki juu ya ardhi bila kuzikwa. Benomili huvunjika na kuwa kabendazimu, kemikali inayozuia seli kugawanyika sawasawa. Kilichokusudiwa kumdhuru kuvu kilimdhuru pia mfanyakazi aliyekuwa akimpunguza kuvu huyohuyo bila malipo.

Tukio hili lilipanua swali kwa namna tofauti na lile la DDT. Pale Illinois swali lilikuwa nyungunyungu amebeba nini. Katika mitufaha swali likawa ameacha kufanya nini. Dalili ya kwanza ya madhara ilikuwa jani lililobaki mahali ambapo halikupaswa kuwapo. Mtunza bustani mwenye macho angeweza kuiona bila darubini.

5.0 Kipimo Sanifu cha 1984

Kwa mafunzo hayo mawili, mtu angetarajia kwamba kipimo rasmi cha kwanza cha kimataifa kingeuliza zaidi ya kifo. Haikuwa hivyo, na sababu zake ni za kisheria zaidi kuliko za kibiolojia.

Mwaka 1979 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo lililowataka watengenezaji kuwasilisha taarifa za vipimo kabla ya kuuza kemikali mpya. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) zilikubaliana kupokea matokeo ya kila mmoja, ilimradi yamepatikana kwa mwongozo mmoja. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na utaratibu wake: wengine waliwachovya nyungunyungu katika myeyusho, wengine waliwadunga sindano, wengine walitumia udongo wa shamba lililokuwa jirani. Matokeo ya namna hiyo hayakuweza kulinganishwa. Clive Edwards wa Rothamsted, Uingereza, aliongoza kazi ya kulinganisha mbinu hizo katika maabara mbalimbali, na ripoti yake kwa Jumuiya ya Ulaya ilitoka mwaka 1983.

Mwongozo namba 207 wa OECD ulipitishwa Aprili 1984. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya haraka: nyungunyungu mmoja huwekwa katika kichupa chenye karatasi ya kuchujia iliyolowanishwa kemikali, kisha huchunguzwa baada ya saa 48. Ya pili hutumia udongo wa kutengenezwa wenye asilimia 10 ya mboji ya vinamasi vya nchi za baridi, asilimia 20 ya mfinyanzi wa kaolini na asilimia 70 hivi ya mchanga laini wa kwatzi. Nyungunyungu 10 huwekwa katika kila chombo, kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi, na waliokufa huhesabiwa siku ya 7 na ya 14. Vifo katika kundi dhibiti visizidi asilimia 10. Vikizidi, jaribio halikubaliki. Zao la kazi hiyo yote ni namba moja: kiwango cha kemikali kinachoua nusu ya nyungunyungu.

Spishi iliyochaguliwa ni Eisenia fetida, kwa kuwa huzaliana haraka katika samadi na hupatikana kwa urahisi. Mwongozo wenyewe ulikiri kwamba si mkazi wa kawaida wa udongo wa shambani. Ni mkazi wa lundo la mboji, hachimbi mashimo marefu wala hazivuti chini karatasi za majani kama afanyavyo Lumbricus terrestris. Uteuzi huo haukuwa uzembe. Sheria ilihitaji namba inayoweza kurudiwa popote, na mwenye uwezo wa kuitoa alikuwa nyungunyungu anayefugika. Hata hivyo, usanifu huo ulikuwa na gharama: majani ya Long Ashton na robini wa Illinois hawakuwa na nafasi katika chombo cha siku 14.

6.0 Kutoka Vifo hadi Vifuko

Udhaifu huo ulianza kurekebishwa katika miaka ya 1990. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa kiwango cha kupima uzazi mwaka 1998 na kile cha kupima shambani mwaka 1999. OECD nayo ilipitisha mwongozo namba 222 mwaka 2004. Humo nyungunyungu waliokomaa huishi katika udongo wenye kemikali kwa wiki 4, kisha huondolewa. Vifuko vya mayai walivyotaga huachwa kwa wiki 4 nyingine, halafu watoto huhesabiwa. Mwaka 2008 ISO iliongeza kipimo kinachouliza jambo rahisi zaidi: akipewa uchaguzi kati ya udongo safi na udongo wenye kemikali, nyungunyungu ataelekea wapi?

Mabadiliko haya yalikuwa na uzito wa kimantiki. Kundi la nyungunyungu wazima wasiozaa ni kundi lililokwisha kutoweka, isipokuwa tarehe yake haijafika. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliandika upya masharti ya taarifa za viuatilifu, na mkazo ukahamia kwenye kipimo cha uzazi badala ya kile cha vifo. Kwa upande mwingine, kabendazimu, zao la benomili, ilipata kazi isiyotarajiwa: hutumiwa kama kemikali ya marejeleo ya kuthibitisha kwamba nyungunyungu wa maabara wanaitikia ipasavyo. Dawa iliyowafichua wapimaji wa jana imekuwa kipimio cha wapimaji wa leo.

7.0 Udongo wa Nani?

Swali linalobaki linazihusu nchi za joto moja kwa moja. Mboji ya vinamasi, nyuzijoto 20 na Eisenia fetida ni picha ya Ulaya. Katika joto kubwa zaidi nyungunyungu anaweza kuifyonza kemikali kwa kasi, lakini kemikali nayo inaweza kuvunjika kwa kasi. Ni upande upi utakaoshinda hakuwezi kujulikana kwa kukisia, lazima kupimwe.

Hatua zimechukuliwa. Mangala De Silva na Kees van Gestel walichapisha mwaka 2009 pendekezo la udongo wa kutengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, ambamo nafasi ya mboji ya vinamasi inachukuliwa na vumbi la makumbi ya nazi. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki badiliko hilo halihitaji maelezo: malighafi ambayo kwake ni takataka ya kila siku inaweza kuingia katika kiwango cha kisayansi.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mibuni ya Kenya imepuliziwa viuakuvu vya shaba kwa miongo mingi kupambana na kutu ya majani na chulebuni. Utafiti wa N. W. Lepp na wenzake, uliochapishwa mwaka 1984, ulionesha shaba hiyo ikijilimbikiza katika udongo na majani makavu ya mashamba ya kahawa ya umri tofauti. Shaba haiozi wala haivunjiki. Watafiti wa Stellenbosch, Afrika Kusini, ambako mizabibu hupuliziwa oksikloridi ya shaba, walionesha mwaka 2000 kwamba ukuaji na utagaji wa vifuko vya Eisenia fetida huathiriwa na viwango visivyomuua. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanadai kipimo cha uzazi katika udongo wa kahawa, kwa spishi zinazoishi humo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kipimo cha sumu kwa nyungunyungu hakikukua kwa nguvu za maabara peke yake. Robini waliokufa walifundisha kuuliza nyungunyungu amebeba nini. Majani yasiyozikwa yalifundisha kuuliza ameacha kufanya nini. Sheria ilileta usanifu, na usanifu ukaleta ulinganifu, lakini kwa muda uliufinya ushahidi huo wote katika hesabu ya maiti. Kwa hiyo ripoti inaposema kwamba kemikali fulani haina madhara kwa nyungunyungu, inapaswa kusomwa pamoja na maswali yake: nyungunyungu yupi, katika udongo upi, kwa muda gani, na aliulizwa nini. Mkulima anayeona majani ya mwaka jana yakiwa bado juu ya ardhi ya shamba lake ana ushahidi ambao historia hii inaonesha kuwa unastahili kusikilizwa mapema.