Sauti 12 za kinanda na nyuzi nane za nyatiti

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze historia kidogo. Mtu anayerekodi benga au ohangla nyumbani kwake Migori au Homa Bay, akiwa na kompyuta ya kawaida na kibodi ya USB, anaweza kupata bure programu zinazoiga vinanda vya umeme vya miaka ya 1960. Swali langu si kwamba programu hizo zinalia vizuri au vibaya. Swali ni hili: je, kinanda kitaufuata muziki wa huku, au muziki wa huku utaendelea kukifuata kinanda?

Tuanze na chombo chenyewe. Kabla ya miaka ya 1960, bendi iliyotaka sauti ya ogani ilinunua Hammond B-3, mtambo wa zaidi ya kilo 150. Mwaka 1962 kampuni ya Jennings ya Dartford, Uingereza, ilitoa Vox Continental, kinanda cha transista ambacho watu wawili waliweza kukipakia garini. Mwaka 1964 Farfisa ya Italia ikafuata na Compact. Mwaka huohuo bendi ya The Animals ilivuma dunia nzima ikiwa na Vox, na baadaye The Doors nao wakaitumia.

Fundi wa programu atapenda jinsi kilivyotengenezwa. Ndani ya Vox kuna bodi 12 za kuzalisha sauti, moja kwa kila noti ya oktavu ya juu kabisa. Noti za chini hazina jenereta zake. Sakiti ndogo inagawanya mtetemo kwa mbili, kisha kwa mbili tena: 880 Hz inazaa 440, 440 inazaa 220, na kuendelea. Kumbuka jambo moja: kila bodi ilikuwa na koili yake ya kurekebisha. Fundi mwenye bisibisi angeweza kuisogeza noti moja bila kuzigusa zile 11.

Miaka ya 1970 uhuru huo uliondoka kimyakimya. Kampuni ya Mostek ya Marekani ilitengeneza chipu MK50240. Inapokea saa moja tu, kama 2 MHz, na kuigawanya kwa namba zilizochongwa ndani yake: 478, 451, 426, 402 hadi 239. Noti zote zinatoka hapo. Kinanda kikawa rahisi na hakipotezi sauti tena. Lakini ukizungusha kirekebishi, noti zote zinapanda au kushuka pamoja. Umbali kati ya noti na noti ulifungwa kiwandani.

Huku kwetu je? Kwenye pwani, vikundi vya taarab vya Mombasa, kwa mfano cha Maulidi Juma, vilikipokea kinanda cha umeme. Nyanza Kusini, eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay pamoja na jirani zake, lilichukua njia ya gitaa. Wapiga benga waliuhamishia kwenye gitaa ule udonoaji wa nyuzi za nyatiti. D.O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Migori, na bendi yake ya Shirati Jazz ilibeba jina la mahali hapo. Sahani za Phares Oluoch Kanindo zilifika mbali kiasi kwamba Zimbabwe waliuita muziki huo "kanindo".

Kibodi zilikuja baadaye, zile za Yamaha na Casio zenye midundo yake ndani, na ohangla ndiyo iliyozikumbatia zaidi. Ohangla asili yake ni ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge. Kufikia miaka ya 2000, wakati Tony Nyadundo anatamba, kibodi ilikuwa imeshakuwa chombo cha kawaida cha ohangla ya kisasa.

Tusidanganyane kwamba kibodi ndiyo iliyoleta noti zilizofungwa. Akodioni, ambayo Waluo waliiita onanda, neno lililo ndugu wa kinanda chetu, nayo ilitoka kiwandani imeshapangwa. Gitaa lina vizuizi vya chuma shingoni. Lakini orutu ina uzi mmoja na haina vizuizi, kidole kinatua popote. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kufuata koo lake. Iritungu ya Wakuria vilevile hukazwa kwa sikio. Vyombo hivi vikiingia studio pamoja na kibodi, anayeambiwa abadilike ni mzee mwenye orutu, kwa sababu kibodi haiwezi. Kibodi ya bei nafuu inajua kanuni moja tu: oktavu moja, sehemu 12 zilizo sawa, senti 100 kila moja.

Hapa ndipo tofauti ya "bure" na "huria" inapokuwa na maana. Programu ya bure haina bei, lakini mara nyingi msimbo wake umefungwa; ni ile chipu ya Mostek ndani ya kompyuta. Programu huria unaweza kuifungua. Bristol, ya Nick Copeland, inaiga Vox Continental kwenye Linux chini ya leseni ya GPL. Inahitaji uvumilivu kuisimamisha kwenye mashine mpya. Rahisi zaidi ni ZynAddSubFX, iliyoanzishwa na Nasca Octavian Paul mwaka 2002. Hiyo haiigi kinanda kimoja, lakini inajenga sauti kwa kujumlisha mawimbi, hivyo sauti ya aina ya ogani haiisumbui. Muhimu zaidi, inakubali mpangilio wa noti unaoutaka mwenyewe. Imo pia ndani ya LMMS, ambayo hata Windows inaendesha.

Utaratibu ni huu:

1. Mwombe mpigaji akaze nyatiti anavyotaka yeye. Rekodi uzi mmoja mmoja.
2. Fungua Audacity, chora grafu ya masafa ya kila uzi, usome Hz za sauti ya msingi.
3. Chagua uzi mmoja uwe mwanzo (f0), kisha piga hesabu: senti = 1200 × log2(f ÷ f0). Mfano tu: f0 ikiwa 220 na uzi mwingine 256, jibu ni kama 262. Kibodi ya kawaida ina 200 au 300, katikati hapana kitu.
4. Andika faili la Scala (.scl), namba moja kila mstari, kuanzia ndogo kwenda kubwa. Weka nukta hata kwa namba kamili, yaani 262.0, la sivyo itasomwa kama uwiano. Mstari wa mwisho uwe 2/1, ambayo ni oktavu. Nyuzi zilizopishana oktavu usizihesabu mara mbili.
5. Lifungue faili hilo kwenye sehemu ya skeli ya ZynAddSubFX. Vibonye vinavyofuatana sasa vitatoa noti za nyatiti ile.

Kazi hii inachukua jioni moja. Mwisho wake utakuwa na kinanda kilichokaa kwenye sauti ya mzee, badala ya mzee kukaa kwenye sauti ya kinanda. Lihifadhi faili hilo, liandike jina la mpigaji, kijiji na tarehe, baada ya kumwomba ruhusa. Halizidi kilobaiti moja. Siku ambayo hayupo tena, kurekodi wimbo wake na kuukaza upya kwa usahihi ni vitu viwili tofauti, na hiki cha pili hakuna kibodi ya dukani itakayokukumbushia.