Jina, Mahali na Nishani: Kiswahili na Usahihishaji wa Kumbukumbu za Askari wa Afrika ya Mashariki

1. Utangulizi

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama sanamu ya shaba ya askari aliyeshika bunduki yenye singe. Ilizinduliwa mwaka 1927 ili kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi na Mombasa nako zilisimamishwa sanamu za aina hiyohiyo. Maandishi yaliyo chini yake, ambayo yametolewa pia kwa Kiswahili, yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Lakini juu ya nguzo hiyo hakuna jina la mtu hata mmoja.

Ahadi hiyo isiyotimizwa ndiyo chanzo cha mada ya mhadhara huu. Askari aliyetumikia jeshi huacha nyuma yake kumbukumbu za utumishi: jina lake, namba yake, kikosi chake, nchi alizopelekwa na nishani alizostahili. Kumbukumbu hizo zikikosewa, au zisipokuwepo, kosa halibaki katika karatasi tu. Aliyevuka bahari huhesabiwa kama hakuvuka, mjane hukosa cha kuonyesha, na mjukuu huambiwa kwamba babu yake hayumo. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo ni makosa ya lugha. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Kiswahili wana kazi yao maalumu katika kuyasahihisha, kazi ambayo mwanahistoria wa vita hawezi kuifanya peke yake.

2. Ukubwa wa pengo

Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana Afrika ya Mashariki kwa kutegemea migongo ya wapagazi. Nchi ilikuwa pana, barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliacha jina lake katika Kiswahili: matamshi ya Kiingereza ya jina la kikosi hicho ndiyo yaliyozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ni jambo la kushangaza kwamba lugha ilikihifadhi kikosi kizima katika majina ya mitaa, ilhali ofisi hazikuwahifadhi watu waliokuwamo.

Tume iliyokabidhiwa makaburi ya vita ya dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917. Msingi wake ulikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, dini wala rangi. Aprili 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya nchi za Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba msingi huo haukufuatwa kwa Waafrika wengi na kwa watu wa sehemu nyingine za dola. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni.

Katika vita vya pili, askari wa King's African Rifles, ambao wananchi waliwaita kwa ufupi askari wa Keya, walipelekwa mbali zaidi. Walipigana Somalia na Uhabeshi katika miaka ya 1940 na 1941, wakaingia Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Ceylon na hatimaye Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, ikafika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, nayo ilikuwa imebeba askari wengi wa mizinga kutoka Afrika ya Mashariki.

3. Kwa nini mahali ni muhimu

Mtu anaweza kuuliza: kama askari alitumikia, yafaa nini kubishana kuhusu mahali alipotumikia? Jibu limo katika kanuni za nishani zenyewe. Nyota za vita vya pili zilitolewa kwa kufuata mahali na tarehe. Nyota ya Burma ilimhitaji askari awe amefika katika eneo la vita hivyo kabla ya tarehe 2 Septemba 1945. Nyota ya Afrika iliwahusu waliopigana kaskazini mwa bara hili na Uhabeshi katika vipindi vilivyowekwa. Basi karani akiacha kuandika safari moja, ameifuta nyota moja.

Kuna jambo la pili. Nishani za Uingereza za vita vya kwanza zilichorwa jina na namba ya askari kwenye ukingo wake. Nyota za vita vya pili, kwa askari waliokuwa chini ya Uingereza yenyewe, zilitolewa bila jina. Kwa hiyo familia yenye nyota sandukuni haina uthibitisho kwamba ni ya babu yao, na familia iliyoipoteza haina pa kuanzia isipokuwa daftari la kikosi. Nishani haiwezi kulisahihisha daftari. Daftari ndilo linalopaswa kuisemea nishani.

Madaftari nayo yalihama. Baada ya uhuru, vikosi vya Keya viligawanyika na kuwa majeshi ya nchi mbalimbali. Katika Tanganyika, jeshi lililorithi vikosi hivyo lilivunjwa kufuatia maasi ya Januari 1964, na jeshi jipya likaundwa Septemba mwaka huohuo. Aliyestaafu mwaka 1946 akidai haki yake mwaka 1970 alikuwa akibisha hodi katika nyumba iliyokwisha kubadili wenyewe mara mbili.

4. Jina katika mikono ya makarani

Chanzo kikubwa cha makosa ni jina. Wengi walioandikishwa hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Walikuwa na jina lao na jina la baba, na pengine jina la utani walilolipata kambini. Karani alitaka majina mawili, ya kwanza na ya mwisho, naye aliyapata kwa njia yoyote: mara jina la baba, mara jina la kijiji, mara jina la kabila.

Tahajia ilizidisha tatizo. Kabla ya usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kila dola iliandika Kiswahili kwa masikio yake. Mjerumani aliisikia sauti ya j katika Juma akaiandika kwa herufi mbili au nne za kwao, na sauti ya sh akaiandika kwa herufi tatu. Mwingereza aliandika vingine. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu aitwaye Juma bin Shabani, aliyeandikishwa na Wajerumani mwaka 1913, akatekwa, kisha akaajiriwa na Waingereza mwaka 1917. Mtu huyu angeweza kuonekana katika majalada mawili kama watu wawili wasiojuana. Tukiongeza matamshi ya r na l, ambayo hubadilishana katika lugha nyingi za Kibantu, na desturi ya kudondosha irabu za mwisho, mtu mmoja anaweza kuwa watatu.

Mtafiti asiyejua fonolojia ya Kiswahili na ya lugha jirani atasema hawa ni watu tofauti. Anayeijua ataweza kupanga orodha ya maumbo yanayowezekana ya jina moja, kisha akalinganisha namba, kikosi na tarehe. Hapo isimu haiwi pambo la historia, bali chombo chake.

5. Nchi zilivyoitwa na waliokwenda

Masimulizi ya wazee na ya familia zao yana hazina nyingine. Mzee akisema kwamba alipigana Bukini, msikilizaji asiyejua Kiswahili cha kale ataandika kwamba mahali hapo hapajulikani. Kumbe Bukini ni jina ambalo watu wa pwani walikiita kisiwa cha Madagaska kwa muda mrefu kabla ya vita. Neno hilo moja, likithibitishwa na ushahidi mwingine, linaweza kuiweka safari ya askari katika mwaka 1942. Vilevile Habeshi ni Ethiopia, na aliyetaja Habeshi hakuwa akisimulia vita vya mipakani mwa Kenya tu.

Vyeo navyo huonyesha wakati. Ombasha na shaushi ni maneno yaliyofika katika majeshi ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya jeshi la Misri na Sudani, na asili yake ni Kituruki. Yalitumika upande wa Wajerumani na pia upande wa Waingereza wa awali, kabla ya koplo na sajini kushika nafasi. Kizazi kinachomtaja babu yake kuwa ombasha, si koplo, pengine kimehifadhi bila kujua dalili ya enzi aliyotumikia. Ni dalili tu, si hati, lakini humwelekeza mtafiti katika rafu sahihi.

Yapo pia magazeti. Mambo Leo lilikuwa likitoka Tanganyika tangu 1923, Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939, na kamandi ya jeshi ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Heshima, kwa ajili ya askari. Magazeti hayo yalipitia mikono ya wakaguzi, na hayawezi kusomwa kama sauti huru. Hata hivyo, barua na mashairi ya askari yaliyochapwa katika magazeti ya wakati huo yana majina na mahali. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kuyasoma kwa ajili ya vina na mizani anaweza kuyasoma upya kama ushahidi wa utumishi.

6. Ushahidi wa mwili na hatari ya hadithi

Mwandishi Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu vita vya Afrika ya Mashariki, anasimulia kisa kinachohusu malipo ambayo Ujerumani Magharibi iliwatengea askari wake wa zamani mwaka 1964. Kwa masimulizi hayo, wazee waliojitokeza Mwanza walikuwa mamia, lakini waliokuwa na vyeti walikuwa wachache mno. Mlipaji akampa kila mzee ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha. Inasemekana hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki kinapendeza, na kwa sababu hiyohiyo kinahitaji kupokewa kwa tahadhari. Lakini iwe kilitokea kama kilivyosimuliwa au kilipambwa, kinataja kanuni ya kweli: lugha ya amri hukaa mwilini, na pale karatasi ilipopotea, ujuzi uliosalia una haki ya kusikilizwa.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ni Idi Amin. Kiongozi huyo wa Uganda alidai kwamba alipigana Burma katika vita vya pili, na kifua chake kilijaa nishani. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba alijiunga na Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, naye alianza akiwa msaidizi wa mpishi. Hapa daftari ndilo lililokuwa sahihi, na masimulizi ndiyo yaliyohitaji kusahihishwa.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inatoa fundisho moja. Kusahihisha kumbukumbu si kumpa kila adaiye anachodai, wala si kuliabudu jalada kwa kuwa lina mhuri. Ni kuupima ushahidi wote kwa mizani ileile. Aliyekuwa na mamlaka aliweza kujipachika nishani ambazo hakuzifanyia kazi. Mpagazi wa Kariakoo hakuweza hata kuandikwa jina. Utaratibu dhaifu wa ushahidi humnufaisha wa kwanza na kumwangamiza wa pili. Kwa hiyo ukali wa uchunguzi ni rafiki wa mnyonge, mradi uchunguzi huo uijue lugha yake.

7. Hitimisho

Yanayoweza kufanywa na idara za Kiswahili yapo wazi. La kwanza ni kutayarisha orodha ya maumbo ya majina ya watu kama yalivyoandikwa na tawala za Kijerumani na Kiingereza, ili majalada yaliyotengana yaunganishwe. La pili ni kukusanya msamiati wa kijeshi na majina ya mahali kama yalivyotumiwa na askari wenyewe, pamoja na kile Kiswahili cha kambini ambacho wanaisimu wamekiita KiKAR, na ambacho kwa muda mrefu kilidharauliwa kuwa ni Kiswahili kibovu. La tatu ni kuyapitia magazeti ya wakati wa vita na kuorodhesha kila askari aliyetajwa, kikosi chake na mahali alipoandikia.

Kazi hii ina haraka yake. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kufariki, na watoto wao, waliowasikia wakisema Bukini na Habeshi, nao ni wazee. Karatasi iliyopotea inaweza kupatikana siku moja katika ghala la mji fulani. Neno lililosahauliwa na msikilizaji wake wa mwisho halina ghala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa askari hawa, mali iliyopotea ilikuwa ni majina yao, na baadhi ya kurasa za daftari hilo bado zimo katika ndimi za watu.