Galveston: fleti ina mwenyewe, ufuo ni wa nani?

Kisiwa cha Galveston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kiko umbali wa kilomita 80 hivi kusini-mashariki mwa Houston. Wakazi wa jiji hilo, na hata wa Dallas na Fort Worth zilizo mbali zaidi, huenda huko kuvua samaki, na baadhi yao hununua fleti zinazoelekea Ghuba ya Mexico.

Wavuvi na wenye fleti hukutanishwa na swali moja: mchanga ulio kati ya jengo na maji ni wa nani?

Mali ya mmoja, mali ya wote

Umiliki wa fleti za namna hii huitwa kondominiamu. Mnunuzi humiliki fleti yake peke yake, ilhali ardhi, paa, kuta za nje na ngazi humilikiwa na wote kwa hisa. Kila mmiliki ni mwanachama wa chama cha wenye jengo, naye hulipa ada ya matunzo. Kwa hiyo kimbunga kinapoezua paa, gharama huweza kumfikia hata yule ambaye fleti yake haikuingia tone la maji.

Tanzania nayo ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008.

Mshipi na leseni

Mwaka 1981 Texas ilipiga marufuku biashara ya samaki aina ya redfish waliovuliwa katika maji yake. Tangu hapo samaki hao wameachiwa wavuvi wa mshipi, ambao kwa kawaida huhitaji leseni ya jimbo wafikapo umri wa miaka 17. Wavuvi wa biashara hutegemea zaidi kamba na chaza.

Asiye na mashua hurusha ndoana kutoka ufuoni. Akizibiwa njia ya kufika majini, hana pa kuvulia.

Mpaka unaohama

Mchanga unaofikiwa na maji kujaa ni mali ya jimbo. Juu yake, hadi pale majani yanapoanza kuota, Sheria ya Fuo Wazi ya mwaka 1959 hulinda haki ya umma ya kupita popote haki hiyo ilipokwisha kupatikana, hata kama ardhi ina mwenyewe. Mwaka 2009 wapiga kura waliiingiza haki ya kutumia fuo za umma katika katiba ya jimbo.

Hata hivyo, bahari haitulii. Kimbunga Rita cha mwaka 2005 na Ike cha Septemba 2008 vilikula ufuo na kusogeza mstari wa majani kuelekea nchi kavu.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Juu ya Texas iliamua, katika kesi iliyohusu magharibi mwa Galveston, kwamba bahari ikila ardhi polepole mpaka wa umma huhama nayo. Lakini ufuo ukikatwa ghafla na dhoruba, haki ya umma haihamii moja kwa moja kwenye mchanga mkavu ulio nyuma yake.

Sheria humtaka muuzaji wa mali iliyo ufuoni amwonye mnunuzi kwa maandishi kwamba bahari ikisogea, jengo laweza kujikuta katika ufuo wa umma, na jimbo laweza kudai mahakamani liondolewe.