Bia za Sole Bay: Tarehe ya Southwold na Bahari Yake

Asili ya Southwold ni samaki. Mji huu wa jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza, umekaa juu ya kilima kifupi, Bahari ya Kaskazini mbele yake na mto Blyth ubavuni. Wakazi wake leo ni kama elfu moja tu. Ghuba yake inaitwa Sole Bay. Kwa wanywaji, mji unajulikana kwa kiwanda kimoja, Adnams, na kwa bia zake zenye majina ya baharini: Broadside, Ghost Ship, Lighthouse, Fisherman, Regatta. Majina hayo hayakuokotwa. Yana mahali pake mjini, na moja lina siku yake na maiti zake.

Bia ilikuwapo kabla ya kiwanda. Mwaka 1345 mwanamke aitwaye Johanna de Corby alishtakiwa kwa kuuza bia kwa vipimo visivyo na alama ya serikali. Kwetu angeitwa mama pima, na jina lingemkaa sawasawa. Mwaka 1489 Mfalme Henry VII aliupa mji hati ya kujitawala. Mwaka 1659 moto ukateketeza sehemu kubwa ya nyumba. Walipojenga upya waliacha viwanja vya majani katikati ya mitaa, na viwanja hivyo vipo mpaka leo.

Miaka kumi na mitatu baadaye vita vikaja na pepo. Alfajiri ya tarehe 28 Mei 1672, kwa kalenda waliyoitumia Waingereza wakati ule, manowari za Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetia nanga Sole Bay. Mataifa hayo mawili yalikuwa yameungana kuipiga Uholanzi. Mkuu wa jeshi lote alikuwa Duke wa York, nduguye Mfalme Charles II, ambaye baadaye naye alitawala kwa jina la James II. Ndipo Waholanzi, wakiongozwa na Michiel de Ruyter, walipotokea upande wa macheo, wakisukumwa na upepo wa matlai. Baharia yeyote wa Lamu au Tanga anaielewa hatari hiyo: upepo unatoka baharini, nchi kavu iko nyuma yako, na nanga bado iko chini.

Wafaransa walielekea kusini, Waingereza wakaenda kaskazini, na uzito wa mapigano ukawaangukia Waingereza. Manowari Royal James, yenye mizinga 100, ilichomwa na merikebu ya moto, yaani chombo kilichojazwa vitu vya kuwaka kikasukumwa mpaka kikamganda adui. Edward Montagu, Earl wa Sandwich, aliyekuwa akipigana ndani yake, alikufa. Maiti yake iliokotwa baharini siku kadhaa baadaye, ikatambuliwa kwa mavazi. Duke mwenyewe alilazimika kuhama chombo mara mbili siku ile. Jioni kila upande ukadai ushindi. Southwold ikabaki na majeruhi wa kuuguza.

Karne mbili zilizofuata mji uliishi kwa uvuvi, na pombe ilikuwa sehemu ya maisha ya wavuvi, nzuri na mbaya pia. Mwaka 1864 mjane wa Kapteni Rayley, ofisa wa jeshi la majini, aliwajengea mabaharia chumba cha kusomea juu ya ukingo wa bahari, kwa kumbukumbu ya mumewe. Nia yake ilikuwa kuwatoa vilabuni. Chumba hicho, Sailors' Reading Room, kinasimama bado. Ndani yake kuna sanamu za vyombo vilivyochongwa kwa mkono na picha za wavuvi wa zamani, nyuso zao zimekaushwa na chumvi na baridi. Tarehe ya bia ya mji huu haitimii bila chumba kile. Mama yule alikuwa ameona pombe inavyoifanya nyumba ya mvuvi, akatenda alichoweza.

Miaka minane baadaye, mwaka 1872, ndugu wawili, George na Ernest Adnams, walinunua kiwanda cha bia kilichoitwa Sole Bay Brewery. George hakudumu katika kazi hiyo. Masimulizi ya kampuni yanasema alikwenda Afrika, akauawa na mamba. Ernest alibaki, na mwaka 1890 biashara ikasajiliwa kuwa kampuni. Mwaka huohuo taa iliwashwa katika mnara wa Southwold, ambao haukujengwa kwenye mwamba mbali na watu kama minara mingi ya taa. Umesimama mweupe katikati ya nyumba, jirani na kiwanda. Basi taa ya mabaharia na mapipa ya bia vilianza kuzeeka pamoja katika mtaa mmoja.

Mji haukupata bahati katika mambo yote. Reli nyembamba iliyoanza kazi mwaka 1879 ilifungwa mwaka 1929. Uvuvi nao ulipungua. Kilichoendelea ni kimea cha shayiri, na harufu yake tamu juu ya mapaa siku za kupika.

Bia ya Broadside ilizaliwa mwaka 1972, vita vya Sole Bay vilipotimiza miaka 300. Neno hilo ni la zama za matanga. Mizinga mingi ya manowari ilipangwa mbavuni, kwa hiyo chombo kilimgeuzia adui ubavu na kuifyatua yote ya upande ule kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo ndio broadside. Wapishi walitengeneza bia inayolingana na jina hilo. Walichanganya kimea cha kawaida na kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, na bia ikatoka na wekundu wa giza, nzito mdomoni, yenye ladha ya matunda makavu. Ya pipa ina kilevi cha asilimia 4.7, ya chupa asilimia 6.3. Anayeifungua chupa ile anashika mkononi kumbukumbu ya siku ambayo watu wa Uholanzi, Uingereza na Ufaransa walikufa mbele ya mji mmoja.

Mwaka 2010 ikaja Ghost Ship, merikebu ya mizuka. Jina hili limevuka mto tu: limetoka kwenye masimulizi ya Walberswick, kijiji cha ng'ambo ya Blyth, ambako kuna kilabu cha kale, Bell Inn, kinachosifika kwa mizuka. Pwani hiyo ina sababu ya kuamini habari za namna hiyo. Kusini kidogo palikuwa na Dunwich, bandari kubwa ya zama zake, ambayo dhoruba za karne ya 13 na ya 14 ziliibomoa mpaka bahari ikaila mitaa na makanisa. Wenyeji husimulia kwamba kengele za makanisa hayo husikika chini ya mawimbi. Bahari haishi zinge, walisema wahenga wetu, na watu wa Suffolk wangeitikia.

Mwaka 2018 kiwanda kilitoa Ghost Ship yenye kilevi cha asilimia 0.5 tu. Bia hupikwa kikamilifu kwanza, kisha kilevi huchujwa kwa shinikizo kupitia utando mwembamba sana, ladha ikabaki. Nadhani mjane wa Kapteni Rayley angeipokea habari hiyo kwa shukrani.

Mambo mengine yameondoka. Mpaka mwaka 2006 mapipa yalipelekwa kwenye vilabu vya mji kwa magari ya farasi. Kisha ghala likahamishiwa nje ya mji, na farasi wakapumzishwa. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba inatafuta mtaji mpya, jambo linaloonyesha kwamba umri peke yake haulindi kazi yoyote.

Nimeifuata tarehe hii kwa sababu ya majina. Kenya, bia ya Tusker ilipewa jina kwa ajili ya ndovu aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, mwaka 1923. Ni kumbukumbu ya msiba wa mtu mmoja, nayo imedumu. Southwold nayo ilikuwa na George wake na mamba wake, lakini majina yake iliyachota kwenye ghuba, ambako kila ukoo ulikuwa na mtu wake. Siku hizi nanga na usukani huchorwa hata kwenye chupa za miji isiyoijua chumvi, na mnywaji hadanganyiki kwa muda mrefu. Jina la bahari ni halali kwa bia ambayo mpishi wake anaweza kukuonyesha kwa kidole jambo lilipotokea. Southwold wanaweza. Juu ya Gun Hill mizinga sita ya kale bado imeelekezwa baharini, na kutoka mlango wa kiwanda mpaka kuiona Sole Bay ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.